Nilishuhudia Kabla Tembe Hazijaisha

Bwana asifiwe! Asifiwe hata na sisi tunaosimama mbele za watu tukitetemeka! Ndugu zangu, mimi Mama Akinyi mnanijua, yule wa kukausha samaki kwa moshi pale Dunga, kando ya ziwa. Leo sikuja kuongeza ushuhuda. Nimekuja kusahihisha ule niliowapa, maana ulikaribia kumuua mtoto wangu.

Akinyi ana miaka sita. Pumu ilimshika tangu alipoanza kutembea. Wanaodhani pumu ni kikohozi tu hawajamwona mtoto akitafuta hewa! Kifua kinalia filimbi, shingo inabonyea, macho yanakutazama wewe mama kana kwamba wewe ndiye uliyemnyima. Niliogopa vumbi, niliogopa mvua, niliogopa hata kicheko chake, kwa sababu akicheka sana anaanza kukohoa.

Jumatatu moja ilimbana vibaya, tukampeleka hospitali mjini. Daktari akampa tembe ndogo nyeupe, chungu, zimefungwa kwa karatasi. Akaniambia, "Mama, kifua chake kimevimba kwa ndani. Hizi zinaondoa uvimbe polepole. Mpe kila asubuhi siku tano, hata ukimwona anacheza." Nikasema ndiyo, daktari. Ndiyo ya mdomo tu!

Jumanne jioni mtoto anakimbiza kuku. Jumatano nikaja hapa kwa maombi ya akina mama, nikatangaza kwamba Bwana amemponya. Kisha nikatoka na ile karatasi hadi ufukweni, nikazimwaga tembe ziwani mbele yenu wote. Mlipiga vigelegele! Nami, nisidanganye, vile vigelegele viliniingia moyoni kuliko sala yenyewe. Mnajua desturi yetu: aliyekwisha kushuhudia uponyaji harudi kwa dawa, atamfanya Mungu mwongo.

Jumapili, tukiwa kwenye wimbo wa pili, nikasikia kikohozi na filimbi kifuani mwake. Ndugu zangu, nilijua! Mama gani hajui pumzi ya mtoto wake? Lakini mlango uko nyuma, na mimi nimekaa mbele, kwenye benchi la walioponywa. Ningempitishaje katikati yenu? Nikaimba kwa sauti kubwa ili nisimsikie. Ee Mungu, nisamehe!

Mahubiri yakaanza. Akinyi akaacha kukohoa, nikafurahi, mjinga mimi. Mama Atieno, jirani yangu aliyeketi kando, akaniminya mkono. "Mama Akinyi, angalia mabega. Huyu anapumua na mabega. Hana nguvu hata ya kukohoa."

Nikamnong'oneza, "Ibada ikiisha."

Akajibu kwa sauti, kanisa zima likageuka: "Ikiisha utambeba nani?"

Nilimnyakua mtoto nikakimbia. Baba Akinyi akatupakia kwenye baiskeli, mimi nyuma nimemkumbatia. Njia ya mjini siku hiyo haikuisha. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilimwita, "Nyathina! Mtoto wangu!" Hakugeuza macho. Baba yake akawa anauliza bila kuangalia nyuma, "Yupo?" Namjibu, "Yupo, kanyaga!" Mara ya mwisho aliponiuliza, nilikuwa nimeweka sikio mdomoni mwa mtoto.

Tukamkuta daktari yuleyule. Wakamwekea hewa ya mtungi, wakamdunga sindano, wakasaga tembe kama zilezile wakamnywesha kwa kijiko. Daktari akaniuliza, "Zile nilizokupa ziko wapi?"

"Ziwani, daktari. Alikuwa amepona."

Hakunifokea. Alisema, "Alikuwa anaanza kupona, mama."

Nikakaa sakafuni nikalia. Nilisali sala moja tu: Bwana, niaibishe mimi, mwache yeye. Saa zikapita. Nilianza kuwaza nguo ya kumzikia, ndugu zangu, nawaambia ukweli. Jua likielekea kuzama akafungua macho, akasema kwa pumzi moja, "Mama, nataka kukojoa." Haleluya! Sijawahi kusikia neno zuri kama hilo!

Safari hii tulimaliza tembe zote, nikimwangalia akimeza hadi ya mwisho. Jiko la samaki nimelihamishia mbali na nyumba, maana daktari alisema moshi wangu unamchokoza. Bado naogopa. Akikohoa, moyo unaruka. Lakini ile aibu iliyonikalisha kwenye benchi imeniacha, na huo ndio ukombozi wangu. Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa zile tembe chungu, na kwa mdomo wa Mama Atieno.

Basi kama kuna mama hapa ambaye mtoto wake anapumua na mabega, mtegemee Bwana, uinuke sasa hivi. Usiningoje nimalize. Pita hapahapa katikati, sisi tutakupisha.