Kaka Yetu, Aliyeomba Choo Kila Alikokwenda

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu wengine walisema watalia. Mimi nitalia nikimaliza.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na muuza mboga. Mama alikuwa akisema kwamba hakulia mpaka mkunga alipofunga mlango. Mama alipenda kutia chumvi, basi lipokeeni hilo mnavyotaka.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari ya kutwa hadi 1975. Hesabu alizipata bila jasho. Kwenye kwaya ya shule mwalimu alimwomba awe anafungua mdomo tu, asitoe sauti.

Mwaka 1979 alipata kazi ya kupakia taka kwenye lori, kupitia wakala aliyechukua kitambulisho na vyeti vyake "kwa usalama". Baba yetu alipofariki, Mei 1980, wakala alimwambia kaka akitoka getini asahau vyeti vyake. Hakuja kumzika baba. Nilimnunia miaka miwili, mpaka aliponieleza, na mpaka leo naona aibu kwa miaka hiyo miwili.

Baadaye kampuni ya taka ilimwajiri yenyewe. Akawa mtunza ghala, na mwaka 1998 mkuu wa manunuzi: mapipa, buti, aproni, glavu. Hakununua kitu kabla ya kwenda kuwaona wanaokitengeneza. Akifika huko anakaribishwa ofisini, anapewa soda, anaonyeshwa karatasi zenye mihuri. Kisha anashika tumbo na kuomba choo. Choo cha wafanyakazi huwa nyuma, na huko nyuma ndiko alikotaka kufika. Madereva wakambatiza Mzee Kibofu. Wifi yangu ameniruhusu kulitaja jina hilo hapa.

Wifi yangu huyo ni muuguzi. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, wakajaliwa watoto watatu. Alipoambiwa na mke wa dereva kwamba mumewe hapiti choo bila kuingia, alimpima sukari mara tatu.

"Mama watoto, sina sukari. Ni kazi hiyo," marehemu alimwambia.

"Kazi gani ya kukojoa?"

Jibu alilipata Jumanne, tarehe 9 Julai 2002. Marehemu alikwenda na dereva wake kwenye karakana ya glavu iliyotaka kuiuzia kampuni. Mwenye karakana akamwambia choo kibovu. Nyuma yake palikuwa na mlango wenye kufuli kwa nje.

"Hata kibovu, bwana. Hali yangu mbaya," kaka akasema, akijikunja.

Sauti ya mwanamke ikatoka ndani: "Jamani, mpeni ufunguo huyo mzee, ataumbuka!"

Dereva akacheka, mwenye karakana akaona haya, akafungua. Ndani walikuwamo wanawake kumi na mmoja kwenye vyerehani, magodoro yamekunjwa ukutani, madirisha yamepigwa misumari. Kaka alikwenda chooni kweli, maana hakupenda uongo. Aliporudi, akaketi juu ya furushi la vitambaa, akasema ana kizunguzungu na haondoki. Alimnong'oneza dereva akimbie ofisi ya kazi.

Mwenye karakana akamfungia humo, akamshtaki kwa bosi wake, na bosi akampigia simu. "Mimi nataka glavu, sitaki kesi. Ukikosea hapo, kesho usije."

"Glavu zipo, bosi," akajibu. "Nimefungiwa nazo."

Alikaa saa nne, akimuuliza kila mmoja kwao ni wapi. Maofisa walipofika, vitambulisho vyote vilikuwa kwenye droo ya mwenye karakana. Kesho yake kaka alikwenda kazini, na bosi, tumshukuru, hakumfukuza. Ila kaka hakuridhika na kukataa glavu hizo tu, maana alijua wale wanawake wangeangukia mikono mingine. Alimsumbua bosi mpaka kampuni ikafungua chumba chake cha ushonaji na kuwaajiri waliotaka kubaki. Getini akaandika kwa rangi, kwa mkono wake: KITAMBULISHO CHAKO KAA NACHO. Maneno hayo yako pale hadi leo.

Alistaafu mwaka 2017. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Daktari alipomuuliza kama anapata choo vizuri, alicheka mpaka mashine ikapiga kelele. Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2024, saa nane mchana, kwenye kiti chake karibu na dirisha, baada ya kula vizuri na kuwasema vibaya wachezaji wa timu yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi. Wale wanawake, watatu wametangulia. Wanane wako hapa, mstari wa pili. Juzi mmoja wao aliniambia, "Ile sauti ilikuwa yangu. Nilidhani anaumwa kweli, nikamwonea huruma."

Dada, hukukosea. Alikuwa anaumwa tangu 1980. Siku ile alikaa kwenu saa nne, na jioni alikuja kwangu akalala usingizi mzito, akaniambia asubuhi, "Sasa naona nimemzika baba."

Kaka yetu na alale salama, na huko aliko pasiwe na mlango unaofungwa kwa nje.