Maman Adélaïde na Shule ya Thelathini na Nne

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Maman Adélaïde Nabintu anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha Takwimu za Shule, hapa Bukavu, kwa miaka thelathini na tatu na miezi tisa. Hiyo miezi tisa nimeiandika kwa makusudi. Ningeiacha, angenirudishia karatasi na alama ya kalamu nyekundu pembeni, kama alivyozoea kuturudishia sote.

Alianza Septemba 1990 kama karani wa kupiga mashine, akinakili idadi ya wanafunzi kutoka kadi za shule. Vita vilipoingia mjini mwaka 1996, alizifunga kadi zote kwenye kitenge akazibeba hadi nyumbani kwake Bagira, na baadaye akazirudisha bila kukosa hata moja. Marehemu mumewe, Papa Ignace, alipenda kusimulia kwamba siku ile alimngoja mkewe alete unga, akaletewa shule mia mbili na kumi.

Miaka michache baadaye alitumwa mafunzoni Kinshasa. Huko ndiko alikofungua kwa mara ya kwanza kitabu kikubwa cha kulinganisha elimu ya nchi mbalimbali: watoto wangapi wako darasani, wangapi wanaelewa wanachokisoma, wangapi wanajua kugawanya. Kwenye majedwali yake, mstari wa nchi yetu ulikuwa na nukta tatu, maana yake takwimu hazipo. Alirudi akiwa amekasirika, na kila mgeni aliyeingia ofisini alioneshwa ukurasa ule na kuulizwa kama nukta hizo ndizo watoto wetu: "Hizi points tatu njo batoto yetu?" Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu katika kazi hii: kabla hajastaafu, awaone watoto wa jimbo letu la Kivu Kusini wakihesabiwa kwenye majedwali hayo pamoja na watoto wa wenzetu.

Nafasi ilikuja mwaka 2019, tulipoingizwa kwenye utafiti wa kimataifa wa kupima kusoma na hesabu kwa darasa la sita. Shule arobaini za jimbo zilichaguliwa kwa kura. Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza, angalau asilimia themanini na tano ya shule, yaani thelathini na nne, zifanye mtihani sawasawa, la sivyo matokeo ya jimbo yanatupwa. Ya pili, ndani ya shule wanafunzi nao wanachaguliwa kwa kura, na aliyeangukiwa na kura ndiye anayekaa kwenye dawati, awe hodari au mzito.

Kule Kamituga, wanafunzi saba walioangukiwa na kura walikuwa kwenye machimbo ya dhahabu wiki hiyo. Maman Adélaïde, akiwa na miaka sitini kamili, alipanda pikipiki, akaanguka matopeni mara mbili, akafika machimboni na orodha mkononi akiita majina. Mchimbaji mmoja alimuuliza kama ni polisi. "Hapana, papa. Niko natafuta batoto ya examen." Aliwapata sita, idadi iliyotosha, na shule ile ikahesabika.

Shule sita hazikufikika kabisa kwa sababu ya barabara na usalama. Tukabaki na thelathini na nne, bila hata moja ya akiba. Siku kifurushi cha mwisho cha madaftari ya mtihani kilipofika tulikula samaki wadogo wa sambaza na ndizi hapa ofisini, na Maman aliimba. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kumsikia akiimba.

Wiki mbili baadaye alituma barua kwa waratibu wa utafiti akiwataka waiondoe shule moja ya upande wa Katana, kwa kuwa mtihani wake ulikuwa na kasoro. Zikabaki thelathini na tatu, asilimia themanini na mbili na nusu. Jedwali lilipotoka, mstari wa nchi ulikuwa na alama ya nyota, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba Kivu Kusini haimo. Wafadhili hawakuongeza mkataba. Wenzetu wanne walipoteza kazi, akiwemo Placide, ambaye sote tulimpenda.

Maneno yakaanza. Walisema hakuna ambaye angejua. Walisema anapenda kanuni kuliko watu. Wakamwita Maman Astérisque, kwa ile nyota, na wengine wakaacha kukaa naye saa ya chai. Hakujibu hata siku moja. Mimi pia nilihama meza.

Sasa lazima niseme, kwa kuwa nimeombwa kuandika wasifu wake na siwezi kuuandika nusu nusu. Msimamizi wa mtihani katika shule ile ya Katana nilikuwa mimi, Delphin. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanivuta pembeni: "Papa Delphin, hawa batoto batatu batatupatisha haya mbele ya bageni. Nitakupatia bengine, beko na akili." Nikakubali. Nilijidanganya kwamba ninalisaidia jimbo. Basi mvulana aitwaye Élie akafanya mtihani kwa jina la msichana aitwaye Euphrasie. Mwishoni kulikuwa na swali la kawaida: wewe ni mvulana au msichana? Élie, mtoto wa watu, akajibu kweli.

Maman aliliona jibu lile kwa sababu alisoma madaftari yote, moja baada ya jingine. Aliniita, akafunga mlango. Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na mke wangu Gisèle alikuwa amejifungua siku nne kabla. Nililia. Alingoja nimalize, kisha akasema: "Jina yako sitaandika. Lakini ile école itatoka." Kwenye barua ya kuiondoa shule aliandika kwamba kosa ni la mratibu wa jimbo, yaani yeye mwenyewe, akatia sahihi yake. Ndoto ya miaka ishirini na zaidi aliizika kwa mkono wake kwa sababu ya kosa langu, na kwa miaka mitano nikamwacha alaumiwe peke yake.

Jumamosi iliyofuata alinichukua turudi Katana. Aliwaketisha wale watoto watatu tuliowaweka kando, akawapa mtihani kwa dakika zilezile na kanuni zilezile, akasahihisha hapohapo. Hakuna jedwali lililozipokea alama zao. Euphrasie alipata ishirini na moja kati ya arobaini, kuwapita wengi wa wenzake. Akauliza kama wenye utafiti wataona. Maman hakumdanganya. "Hapana, mama. Lakini miye nimeona."

Anaondoka bila kuuona mstari wetu, na awamu ijayo haina tarehe. Hilo linauma, na sitalipamba.

Kuanzia Jumatatu, tarehe moja Julai, nimeteuliwa kukalia kiti chake. Ni yeye aliyelipendekeza jina langu, na baadhi yenu mmeuliza kwa nini. Hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kukikalia ninyi mkiwa gizani. Kama uongozi utabadili uamuzi baada ya kusoma ukurasa huu, utakuwa na haki. Nilimpelekea Maman asome kwanza. Pale nilipoandika asilimia themanini na mbili aliongeza nusu. Jina langu aliligusa kwa ncha ya kalamu, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akaliacha.

Maman Adélaïde, asante kwa kila mtoto uliyemtafuta mpaka ukampata. Mungu akupe afya, wajukuu watulivu na asubuhi zisizo na haraka kule Bagira. Tuliokuita jina lile tunakuomba radhi. Na mimi, mbele ya wote, nakuomba unisamehe.

Delphin Bisimwa
Kitengo cha Uhakiki wa Takwimu