Nyuma ya Hondohondo

NEKOYE: Haloo? Ni nani? Ongea polepole, kuna ndege hapa—

ZILPAH: Ni mamako. Achana na ndege.

NEKOYE: Mama! Umeamkaje? Hii namba ni ya nani?

ZILPAH: Ya Dorothy, jirani. Yangu mjomba wako Andati ameenda nayo. Uko wapi?

NEKOYE: Daraja la miti, kama kila Jumamosi. Ameenda nayo wapi?

ZILPAH: Sikiza. Ile picha umetuma leo kwa kundi la watazamaji ndege—

NEKOYE: Ya hondohondo! Umeona vile ameshika tini mdomoni? Hata jicho—

ZILPAH: Nimeona. Umeona chini yake?

NEKOYE: Chini ni majani.

ZILPAH: Ifungue. Ivute. Chini, kushoto.

NEKOYE: Ngoja, naivuta. Kuna mtu. Amekalia gogo, ako na msumeno kwa magoti. Woi, wameangusha ule mvule tumekatazwa kugusa! Na hiyo jaketi ya njano ni ya—

ZILPAH: Ni mimi nilimnunulia.

NEKOYE: Nilikuwa nalenga mdomo wa ndege, Mama. Sikumwona.

ZILPAH: Na mimi sikumwona. Alikuja kunywa chai, nikampa simu. Nikamwambia, ona vile mtoto wangu anapiganga picha. Akaivuta, ndio nikaona ni yeye. Mjinga mimi. Na wewe, kwa nini uliandika saa na mahali?

NEKOYE: Ni sheria ya kundi. Bila saa na mahali, ndege hahesabiwi.

ZILPAH: Na ukaandika utakuwa darajani mpaka saa tatu.

NEKOYE: Ili wenzangu wanifuate.

ZILPAH: Sasa kuna mtu anakufuata. Aliweka kikombe kikiwa kimejaa, akapanda pikipiki. [mikwaruzo]

NEKOYE: Mama, unapotea. Anataka nifute? Nafuta sasa hivi.

ZILPAH: Nilimwambia hivyo. Akasema, na ile ya kwa kamera?

NEKOYE: Alibeba kitu?

ZILPAH: Toka hapo darajani.

NEKOYE: Mama, ni mjomba. Yeye ndiye alinifundisha majina ya hawa ndege—

ZILPAH: Panga langu halipo nyuma ya mlango. Tembea!

NEKOYE: Natembea.

ZILPAH: Usipite njia kubwa. Kata kwa shamba la majani chai, utokee getini kwa Clifford, mwongozaji wenu.

NEKOYE: Nasikia pikipiki.

ZILPAH: Usiangalie nyuma.

NEKOYE: Imezima. Ananiita.

ZILPAH: Usiitike.

NEKOYE: Anaita vizuri tu. Kama mtu anaita watu wakuje kula.

ZILPAH: Nekoye. Miguu.

NEKOYE: [anahema] Niko kwa chai. Anaita tena, na tena— Naona geti. Clifford ako na askari wa msitu. Wananiona.

ZILPAH: Umefika?

NEKOYE: Nimefika.

ZILPAH: Asante Yesu. Kaa hapo katikati yao.

NEKOYE: Wako na ile picha, Mama. Askari anauliza kama namjua huyu mtu. Mama, niseme simjui? Uso hauonekani vizuri.

ZILPAH: Huyo alinyonya titi nililoacha mimi. Nilimbeba mgongoni mpaka nikakosa shule.

NEKOYE: Najua. Ndio nauliza.

ZILPAH: Alikuita mara ngapi?

NEKOYE: Tatu. Ya mwisho hakuita vizuri.

ZILPAH: Mpe askari simu.

NEKOYE: Mama, fikiria kwanza. Kukuu atasema—

ZILPAH: Kukuu ni mama yangu, nitamjibu mimi. Wewe usitaje jina la mjomba wako, hata mara moja. Mpe simu. Harakisha, Dorothy ananiambia salio linaisha.

NEKOYE: Afande, ni mama yangu. Anataka kuongea na wewe.

ZILPAH: Haloo, afande? Andika. Andati Were. Ako darajani sasa hivi na ako na panga, msiende mmoja. Na mkimshika, msimwambie ni mtoto amesema. Mwambieni ni dada y—

[simu inakatika]