Mtambo wa Kwanza wa Mwanangu Msusi

Ingieni wanangu, mkae, na wewe uliyesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba ingia pia, maana leo nina maneno, na pumzi niliyobakiwa nayo sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Dada yangu akae hapa karibu na mto, upande wa sikio langu zima. Fungueni hilo dirisha. Na msiniangalie hivyo. Daktari amesema aliyoyasema, nimeyasikia, sina ugomvi naye. Nimekula chumvi ya kutosha, nimefuma hadi vidole vimepinda, na asubuhi ya leo nimeamka nina furaha hata mimi mwenyewe najishangaa.

Mali yangu haihitaji wakili. Nyumba ni yenu wawili, msiikate kwa ukuta. Masanduku ya vitambaa atayagawa mama yenu mkubwa, na akishasema hiki cha fulani, basi, msimjibu. Hayo yamekwisha. Nililowaitia hapa ni jambo moja tu: mtambo wa kufumia.

Kitindamimba wangu, wewe msusi, mwezi uliopita ulikuja ukaniambia unataka nikufundishe kufuma kabla sijaondoka, nami nilifurahi hadi nikasahau kumeza dawa. Ukaenda kukaa kwenye mtambo mkubwa wa babu yenu kule chumba cha uani, ukahangaika nao wiki tatu, nami niko hapa nasikiliza kupitia ukutani, kwa sababu mfumi hujua kazi kwa masikio kama anavyoijua kwa macho. Nilisikia kanyagio likigota, nikasikia nyuzi zikikatika, na juzi nikasikia benchi likisukumwa nyuma, halafu nikakusikia ukimwambia kaka yako, "Mimi sina mkono bwana. Mama akiondoka, huo mtambo tuuze." Maneno hayo yaliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Yalishasemwa ndani ya nyumba hii hii, miaka sitini iliyopita, juu ya mtu mwingine, na yalikuwa uongo.

Dada, nivumilie, sasa nakusema wewe.

Mama yenu mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili baba yetu alipomkalisha kwenye mtambo ule kwa heshima zote, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, nami wa miaka tisa nikapewa fremu ya dirisha bovu iliyopigwa misumari huku na huku, nikae nayo chini nisisumbue watu. Baba alikuwa mrefu, mnaikumbuka picha yake, anainama mlangoni, na mtambo aliutengeneza kwa miguu yake. Dada akitaka kukanyaga ilibidi ateleze hadi ukingoni mwa benchi, aning'inie, akanyage kwa ncha ya kidole, na kila akikanyaga mwili wote unahama, mikono inahama, uzi unapita pasipo pake. Kitambaa kikatoka kimepinda. Baba akasema huyu hana mkono. Jirani akasikia, akapita nayo mtaa mzima, na kabla ya mwezi kwisha watoto wanamwita Mkono wa Mbao. Akaacha, akaenda kufanya kazi kwa mwoka mikate, na hadi leo hajagusa uzi, hata kifungo anapeleka kwa fundi.

Nami? Nilikuwa na kifremu changu, hakuna anayenitazama, nakosea nafumua, nakosea nafumua, nacheka peke yangu. Nilipofika miaka kumi na mitano nikapandishwa kwenye mtambo mkubwa, na siku ya kwanza tu nikagundua kuwa miguu haifiki. Nikatafuta kipande cha ubao, nikakifunga juu ya kanyagio kwa kamba, kazi ikaenda. Baba akaita watu waje waone. Wakanisifu, na sifa ni tamu, wanangu, hasa kwa mtoto wa pili. Nilijua siku ile ile kwamba dada yangu hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa mfupi. Nilijua. Nikanyamaza miaka sitini, nikamwacha abebe jina lile, na kila nilipompelekea kitambaa kizuri alikipokea, akakikunja, akakitia sandukuni, hakuwahi kukivaa. Nilikuwa najiuliza ana kinyongo gani na mimi, huku jibu ninalo.

Nisamehe, dada. Nasema mbele ya watoto ili wasije wakasema niliota. Mkono wako ulikuwa mzima tangu mwanzo.

Unacheka? Haya, cheka, cheka mpaka utoe machozi, nilidhani utanipiga. Eti kumbe ni ubao tu. Ndiyo, ubao tu, ndugu yangu, ubao wa kiganja kimoja.

Sasa nyinyi mmeelewa kwa nini sitaki msusi wangu aanze na mtambo ule. Kwanza ana kimo cha mama yake mkubwa. Pili, hata angekuwa mlingoti, mtambo wa kwanza usiwe ule wa kuonyesha wageni. Ulinionyesha kwenye simu mtambo mwingine wa dukani, unang'aa, una vishikizo vinane vya kuinulia nyuzi na kitabu cha maelezo kinene. Mwanangu, vishikizo vinane ni vya mtu ambaye tayari anajua anataka kukosea wapi. Mtambo wa kwanza uwe wa kukaa mapajani, upana wake usizidi kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, uweze kuubeba hadi saluni ukafuma mstari mmoja kati ya mteja na mteja. Ushike pembe mbili uuminye. Ukiyumba, uache hapo hapo, maana mbao zikiyumba nyuzi zitalegea upande mmoja nawe utajilaumu bure. Uweze kuutandika uzi wote kabla chai haijapoa. Na kila uzi uuone kwa macho, ukikosea ujue umekosea wapi, ufumue bila kulia.

Kwa hiyo nilimwagiza kaka yako seremala atengeneze. Nilimwambia asilete maajabu yake, asichonge maua, asitie droo. Mnamjua huyu, mtaa mzima unamwita Kesho, kabati langu la jikoni nililiagiza yeye akiwa kapera na sasa ana mtoto wa sekondari. Lakini leo asubuhi kaingia na fremu mkononi, imepigwa msasa, misumari imenyooka, siku ile ile aliyoahidi. Hapo ndipo nilipoamini kweli nakufa.

Ilete. Mpe mdogo wako. Kaa kwenye kile kiti kifupi, msusi, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Umeona? Hujaanza na tayari mabega yameshuka. Nimekutandikia mwenyewe asubuhi hii kwa vidole hivi vibovu, nyuzi nene, rangi mbili, ili gizagiza lisikudanganye. Anza huku nasema. Juu ya mmoja, chini ya mmoja. Taratibu.

Mnaona anachofanya? Anakaza! Simama hapo, mama. Hilo ndilo kosa lako, na ni kosa la msusi, mtu mwingine hawezi kulifanya kwa ustadi huo. Miaka ishirini unavuta nywele za watu hadi nyusi zinapanda, kwa hiyo kila uzi ukifika pembeni unaukaza kama rasta, na kitambaa kinajibana kiuno. Hukukosa mkono. Una mkono mwingi mno. Uzi unaopita ulaze kama kilima kidogo, uinuke katikati, halafu ushushe kwa chanuo. Legeza. Hiki si kichwa cha mtu, hakitafumuka njiani. Haya. Haya! Umesikia sauti hiyo? Hiyo niliingoja wiki tatu.

Nipeni maji kidogo... Asante.

Mtambo mkubwa usiuzwe. Msimlazimishe mtu pia. Ukae pale pale uani, upakwe mafuta, na siku msusi atakapokwenda mwenyewe bila kuitwa, Kesho amfungie ubao kwenye kanyagio, na afanye siku hiyo hiyo. Asipokwenda, wapeni wafumi wa kule sokoni waufanyie kazi, lakini yule mwenye mgahawa anayetaka kuning'iniza maua juu yake, mwambieni nimekataa nikiwa na akili timamu. Na ile fremu ya pili niliyoagiza, iliyofungwa gazeti nyuma ya mlango... Kesho, mpe mama yako mkubwa. Usinitolee macho, dada. Una miaka sabini na mitano, una muda. Kaa na mtoto, mkosee pamoja.

Nimechoka sasa. Nimechoka vizuri.

Mpendane. Mkigombana, mgombane mchana, mle pamoja jioni. Mungu awape mikono myepesi na nyumba yenye kelele. Riziki yenu iwe safi, watoto wenu wawazike, msije mkawazika wao. Na mimi... msinililie sana. Kidogo tu, ili majirani wasiseme.

Msusi... umefika wapi? Inua nione. Vidole vinne. Kimepinda upande wa kulia, na hapa umeruka uzi. Ah, mwanangu. Usifumue. Hapana, usifumue, kikate hivyo hivyo... unitie mkononi. Nitakwenda nacho. Wakiniuliza huko ni kazi ya nani, nitawaambia... ya binti yangu huyu... ndiyo kwanza ameanza.