Walipotoa Kizazi Waliondoka na Kumbukumbu

Wewe ukipishana na lori la washonaji wa viwandani, akina mama wamesimama wamebanana kama mizigo, unapandisha kioo na kutazama kando. Leo tazama.

Humo alikuwemo Chanthou, mshona kola. Jana alisahau upande, akazishona kinyume, na msimamizi amemwambia akikosea tena leo, kazi hana.

"Ulipojifungua walikuwekea makaa ya moto chini ya kitanda, mwili uive upate nguvu?" aliuliza mama wa kiwanda kingine, aliyembana ubavuni, alipomsikia akilalamika kwamba anasahau. "Au uliinuka kabla siku hazijatimia? Hukuiva, mdogo wangu. Ndiyo maana unasahau."

"Mimi si ndizi, mama. Walinitoa kizazi na vifuko vya mayai, vikiwa vizima bila ugonjwa wowote. Juzi ndiyo nesi ananiambia homoni za humo zilikuwa zinausaidia ubongo."

"Kumbukumbu ikae huko chini? Basi wanaume wanakumbuka kwa kutumia nini?"

"Na wao wana homoni zao. Hakuna anayewakata."

Lori zima lilicheka. Chanthou naye alicheka, halafu akasema polepole, "Jana mwanangu aliniita nikatafuta jina lake, sikulipata. Sijafika hata miaka arobaini, mama."

Yule mama aliuliza bila utani tena, "Si kuna dawa?"

"Sikuambiwa. Sasa najua wapi kama sijachelewa kuitumia?"

Lori likasimama kwenye lango la kiwanda cha Chanthou. Msimamizi alikuwa anangoja.

Dada yako amepangiwa upasuaji wa kizazi? Nenda naye leo hii, mumuulize daktari kama vifuko vya mayai navyo vitatolewa, kwa nini, na atapewa nini badala ya homoni zake. Asitie saini kabla hajajibiwa.