Mtu Aliyekimbiwa na Bingwa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Berea, wafanyabiashara wa Fordsburg na nyote mliojazana katika ukumbi huu wa kanisa hapa Kensington, kabla sijaanza natangaza hivi, asiyeamini nitakayoyasoma anyanyuke sasa, mlango uko wazi, robot, ile taa ya magari pale kona, ikiwaka kijani avuke aende zake, kwa sababu anayesomwa leo ni kaka yangu Aloys Ntirampeba, bondia ambaye bingwa wa nchi hii alimkimbia miaka minne mizima, na mimi Régis, mdogo wake, nimechaguliwa na familia kusoma, si kwa elimu, elimu yangu mnaijua, bali kwa kuwa sauti ninayo na aibu sina.

Marehemu Aloys alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, Buyenzi, jijini Bujumbura, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu, fundi baiskeli, na wa mama yetu, ambaye wakati huu ananisikiliza kwa simu ile pale mezani, kwa hiyo wenye kukohoa wakohoe kwa adabu. Alizaliwa mashoto, mama akamfunga mkono wa kushoto kwa kitenge ili ale kwa wa kulia kama watoto wa watu, lakini mkono ulikataa kufundishwa, na Mungu asifiwe kwa ukaidi huo, maana ndio uliotulisha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1990, akafika darasa la sita, vita vikamtoa mwaka 1996, tukavuka hadi kambini Kigoma, ambako mimi pia niliacha shule, ila mimi sikutolewa na vita, nilijitoa mwenyewe. Huko kambini ndiko alikojifunza ngumi, kwa glovu zilizoshonwa kwa viroba, na kila aliyepigana naye alirudi kwao akisema ule mkono wa kushoto haukuonekana ulikotoka.

Tarehe 19 Januari 2008 aliingia Johannesburg, tukapanga Berea, ghorofa ya nane, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla yetu, akapata kazi ya kubeba marobota ya nguo katika duka la Mzee Othmani, mtu wa Tanga, kule Fordsburg, na jioni alikuwa akiteremka kwenye gym ya Kocha Pandu, chini ya jengo, palipokuwa maegesho ya magari. Mwezi wa tano mwaka huohuo, wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, tulilala humo gym, tukiwa tumejifunika mikeka ya mazoezi, na hata humo hakutulia, usingizi wenyewe alikuwa akiupiga jabu.

Kufikia katikati ya mwaka 2009 alikuwa ameshinda mapambano yake yote, mengi yakiisha kabla watu hawajapata viti, ndipo Kocha Pandu alipoomba pambano na bingwa wa uzito wa kati, Vusumuzi Nkabinde wa Soweto, na hapo mbio zikaanza. Promota wa bingwa alimwita Pandu akamwambia bila haya, "Kocha, huyu Mrundi wako ni mashoto, anapiga kama ukuta unaomwangukia mtu, na hana hata basi moja la mashabiki, mtu wangu akimshinda wataniuliza kampiga nani, akishindwa mkanda umekwenda, sasa wewe ungekubali?" na Pandu, ambaye uongo humkwama kooni, akajibu, "Mimi? Nisingekubali." Ndugu zangu, mnaodhani mabingwa hupigana na wenye nguvu mtasubiri sana, bingwa hupigana na jina, na mwenye ngumi nzito bila jina huzungukwa kama shimo la barabarani.

Mwaka 2010 bingwa aliumwa bega, mwaka 2011 bega lilipona, akaenda kupigana na mzee aliyekwisha kustaafu, tena mzee mwenye jina kubwa na magoti mabovu, na katikati ya hayo akafanya ujanja wa mabingwa, alimwajiri Aloys awe mtu wa kupigana naye mazoezini, wakiwa na glovu nene, kofia kichwani, mlango umefungwa, maana ukimpa kazi mtu unayemwogopa, ataamkia kwako kila siku na hatakuja kukutafuta ulingoni.

Lakini habari haikufungiwa mlango, ilifika Fordsburg kabla ya jasho kukauka, na kuanzia hapo kaka hakupita mtaa bila kuitwa "Mkimbiwa!", vijana wa Kikongo wakimpigia saluti, Mzee Othmani akimvutia kiti mbele ya wateja na kusema, "Mnamwona huyu anayebeba marobota yangu? Bingwa wa nchi anamkimbia," na kaka, aliyekuwa akitembea ukutaukuta tangu tufike nchi hii, akaanza kutembea katikati ya njia.

Tarehe 20 Novemba 2010 alifunga ndoa takatifu na Concilie, aliyekuwa akisuka nywele ghorofa ya chini, ambaye siku alipoposwa alisema, "Nimesikia wanaume wote wanakukimbia, acha nikae nione kuna nini," akakaa, shemeji yangu, na hajakimbia hadi leo. Walijaliwa watoto wawili, Joséline, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2011, na Jean-Claude, aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2013, ambao Kiswahili hiki chote wanakielewa lakini wakiulizwa wanajibu kwa Kizulu.

Mwezi Septemba 2012 mazungumzo ya pambano yalivunjika, hayo tuyapite, na mwezi Machi 2013 alitundika glovu, akabaki akifundisha watoto wa Berea.

Mwezi Februari 2014 miguu ilianza kuvimba, madaktari wakasema ni figo, akaanza kwenda hospitali kila Jumanne na kila Ijumaa, akipungua mbele ya macho yetu mtu ambaye robota zima alikuwa akilibeba kwa bega moja, mpaka Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014, saa nne asubuhi, alipotutoka, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya mkono wa Concilie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Kocha Pandu na vijana wote wa gym, Mzee Othmani aliyefunga duka leo, jambo ambalo hata siku ya sikukuu hajawahi kulifanya, majirani waliopanda ghorofa nane na masufuria ya chakula, na wote ambao sikuwataja.

Hapo nilitakiwa kufunga nikae. Lakini nimeona mlangoni vijana wetu wakimzomea mtu, "Mwoga! Umemkimbia mpaka kaburini!", na mtu huyo ameketi kule nyuma, kofia magotini, na mimi jana niliapa kuliruka hili, Mama usikate simu.

Septemba ile hakuna kilichovunjika. Bingwa alipanda mwenyewe zile ghorofa nane, Jumapili mchana, bila promota, anahema, mimi nikiwa nyuma ya pazia, akamwambia kaka, "Aloys, nimechoka kuitwa mwoga, promota nimeachana naye, chagua siku." Kaka alimmiminia chai, akamsogezea kikombe, kisha akasema, "Vusi, miaka yote hii umekuwa ukiusoma mkono wangu mazoezini, sasa unauona unakotoka, mimi najua na wewe unajua. Ukinishinda nitabaki mbeba marobota. Wewe una mkanda, mimi nina hili tu la kukimbiwa. Niachie." Bingwa alimtazama sana, akasema, "Eish, mfowethu," yaani ndugu yangu, akavaa kofia, akasema, "Sharp," kwamba sawa, amekubali, akashuka ngazi, na kaka akaniita kutoka nyuma ya pazia akaniambia, "Wewe mwenye mdomo, hili ulimeze."

Nimelimeza miaka miwili. Naye amezomewa miaka miwili, redioni, madukani, na leo mlangoni, wala hakumwambia mtu, na lile gari lililokuwa likimpeleka kaka hospitali kila Jumanne na kila Ijumaa, ambalo nimewaambia wengi kuwa ni la rafiki yangu, ni la kwake. Kwa hiyo ile miaka minne niliyotangaza naigawa upya, mitatu alikimbia yeye, ule wa nne tulikimbia sisi.

Bingwa, toka huko nyuma, uje ushike jeneza upande wa kushoto, ule uliokuwa ukiuogopa. Vijana, mpisheni.

Kaka, mdomo umenishinda. Pumzika kwa amani.