Sharamo Isacko, Fundi wa Paneli za Darini

Sharamo Isacko ametumikia karakana yetu ya ambulensi hapa Isiolo miaka thelathini na moja. Anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, akiwa bado na miaka miwili ya kazi mkononi. Sitawapambia maneno: hii siku ni mbaya.

Alianza kwa kuosha magari, akajifunza umeme wa gari kwa kuchungulia. Tangu ambulensi zianze kuja na AC ya nyuma, yeye ndiye aliyebadilisha paneli za swichi zake, zile za darini juu ya mgonjwa. Wengine walizing'oa kwa bisibisi wakavunja vishikizo. Sharamo alichonga kijiti cha mswaki, akakibembeleza ukingoni mpaka paneli ikashuka nzima. Vijana wakamcheka: "Mzee, hicho ni cha meno ama cha gari?"

"Cha gari. Meno yalishastaafu mbele yangu."

Akimaliza, alilala kwenye kitanda cha mgonjwa, milango imefungwa, jua la saa saba, saa nzima. Baridi ikiwa dhaifu, anafungua tena. "Mtu wa Sericho, kule mbali, atalala hapa mpaka achoke," alisema. "Mimi ni nani nilale dakika tano?"

Mwaka jana macho yakaanza kufifia. Daktari akasema ni mshipa wa jicho, na ukishakufa haurudi. Basi kila akifungua paneli nilipeleka chai, nikasimama hapo nikimnong'onezea rangi za nyaya: nyekundu, kahawia, nyeusi. Wakubwa walidhani mpika chai anapenda porojo tu. Magari sita tuliyamaliza hivyo.

Julai nikaenda Ngaremara kumzika dada yangu. Sharamo akafunga paneli ya gari la Sericho peke yake. Alilala humo saa yake, baridi ikatoka vizuri. Safari ya kurudi kutoka Sericho, waya ikaungua, AC ikazima. Alikuwa ameunga ya kahawia mahali pa nyekundu. Mama aliyekuwa akitokwa damu baada ya kujifungua alifika hapa amezimia kwa joto. Yeye alipona. Sharamo hakupona.

Hakuna aliyemshuku. Alienda mwenyewe kwa meneja wetu, M'Ikiara, akamwambia, "Bwana, sioni rangi tena. Nitoe kabla sijaua mtu." Mimi niliyejua mwaka mzima nilikuwa jikoni, nimenyamaza. Nayasema leo mbele yenu.

Fundi mwingine hajapatikana. Gari la Sericho limesimama uani, paneli inaning'inia kwa nyaya zake. Wagonjwa wa huko wanaletwa na pikapu, nyuma, juani.

Sharamo, asante kwa kila mtu aliyefika hapa akipumua. Mungu akupe siku za heri, na watu wako wakushike mkono vizuri. Wasipokushika, watanijibu mimi. Nenda salama, ndugu yangu. Sisi tunaobaki, hata sijui tuombewe nini.

Akko Kaltuma Huqa, mpika chai